Jeshi la Muungano Likija Kwenu: Mwongozo kwa Raia wa Lubumbashi

Redio ikitangaza kwamba majeshi ya nchi tatu au nne yanakuja kusaidia, watu wa mtaani huuliza mara moja: wako wangapi? Wana vifaru? Wana ndege? Ni maswali halali, lakini hayatakufikisha mbali. Ndugu yangu wa Naviundu, anza na jingine: katika jeshi hilo, nani ana uwezo wa kusema hapana, na hapana yake ikasikika?

Askari wa muungano ana wakubwa wawili. Mmoja yuko naye uwanjani, ana ramani na redio. Mwingine yuko katika mji mkuu wa kwao, ana bunge, ana magazeti, ana wazazi wa askari wanaopiga simu usiku. Wakubwa hao wakipatana, muungano unaweza kufanya kazi ambayo hakuna nchi moja ingeiweza. Wakitofautiana, askari atamtii yule wa nyumbani, na hilo ndilo chimbuko la karibu kila jambo utakalolisoma hapa.

Nakuandikia wewe uliye mwalimu, mtangazaji wa redio, chefu wa mtaa, mchungaji, dereva wa lori, mkalimani, au kijana unayewaza kuvaa sare. Huhitaji kupita chuo cha maofisa ili uelewe. Lubumbashi ni mojawapo ya miji ambako Umoja wa Mataifa (ONU) ulijifunza mambo haya kwa gharama kubwa, wakati mji ungali ukiitwa Élisabethville na Likasi ikiitwa Jadotville. Mifano mingi utaikuta kwenye barabara unayoipita ukienda uwanja wa ndege wa Luano.

Soma azimio kwanza, hotuba baadaye

Kila jeshi la muungano lina karatasi inayolipa uwezo: azimio la Baraza la Usalama, uamuzi wa kikao cha marais, au mkataba kati ya serikali mbili. Itafute. Ukiipata, usihangaike na aya za mwanzo zenye masikitiko na shukrani. Piga mstari chini ya vitenzi. Kusaidia, kusimamia, kulinda, kuzuia, kuvunja nguvu: hivyo ndivyo vinavyomwambia askari afanye nini saa nane ya usiku.

Tazama yaliyotokea hapa. Moise Tshombe, kiongozi wa Katanga, alitangaza kujitenga kwa jimbo hilo tarehe 11 Julai 1960. Siku tatu baadaye Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 143, lililomruhusu Katibu Mkuu kuipa serikali ya Kongo msaada wa kijeshi. Askari wa ONU waliofika kwa karatasi hiyo waliruhusiwa kufyatua risasi kujikinga tu. Lumumba, Waziri Mkuu wa kwanza wa Kongo, alipouawa karibu na mji huu mnamo Januari 1961, na habari ikaenea mwezi uliofuata, likaja azimio namba 161 la tarehe 21 Februari: sasa nguvu iliruhusiwa, kama njia ya mwisho, kuzuia vita ya wenyewe kwa wenyewe. Tarehe 24 Novemba mwaka huohuo azimio namba 169 liliruhusu nguvu itumike kuwakamata na kuwafukuza mamluki na washauri wa kigeni. Ndani ya mwaka mmoja na nusu, askari wenye kofia zilezile za buluu, kwenye barabara zilezile, walikuwa wamepewa uwezo wa aina tatu. Mwananchi aliyewaona hakuwa na njia ya kujua tofauti hiyo kwa macho. Ilikuwa kwenye karatasi.

Fanya hivyo hivyo na majeshi ya siku zetu. Machi 2013 azimio namba 2098 liliunda brigedi ya kuingilia kati ndani ya MONUSCO (ujumbe wa ONU nchini Kongo), yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na likaipa kazi ya kuyavunja nguvu makundi yenye silaha. Kitenzi hicho kilikuwa kipya kwa askari wa kulinda amani. Kufikia Novemba mwaka huo, brigedi ikiwa bega kwa bega na FARDC, jeshi la taifa, waasi wa M23 ya wakati ule walikuwa wametangaza kuacha vita.

Kinyume chake ni jeshi la Jumuiya ya Afrika Mashariki lililoingia Goma Novemba 2022. Kinshasa ililisoma agizo lake kwamba jeshi litapigana na M23. Nairobi ililisoma kwamba jeshi litakaa katikati, lipokee maeneo yatakayoachwa, na vita vitumike kama siasa ikishindwa. Februari 2023, mjini Bujumbura, Rais Tshisekedi alimkabili hadharani kamanda wake, Jenerali Jeff Nyagah wa Kenya. Aprili Nyagah akaondoka, na Desemba jeshi lote likaondoka. Kama ungeisoma karatasi mapema ukaona kila upande una tafsiri yake, usingeshangaa watu wa Goma walipoanza kuandamana.

Amri ni ya nani?

Hapa ndipo penye uzito, nami nakuomba usipite haraka.

Wanajeshi hutofautisha amri kamili na udhibiti wa operesheni. Amri kamili ni uwezo wa kumpandisha askari cheo, kumhukumu, kumrudisha nyumbani, kumpa kazi yoyote. Hiyo nchi haimpi mtu. Kamanda wa muungano hupewa udhibiti wa operesheni tu: anaweza kukiambia kikosi kiende mahali fulani kufanya kazi fulani, ndani ya mipaka iliyokubaliwa na kwa muda uliokubaliwa. Ukimsikia jenerali akisema askari wote wako chini yake, elewa kwamba anasema ukweli nusu, na nusu nyingine iko New Delhi, Dublin, Dodoma au Pretoria.

Mapema mwaka 1961 nusu hiyo ya pili ilionekana waziwazi. Serikali zilizokasirishwa na jinsi ONU ilivyoshindwa kumlinda Lumumba, zikiwemo za Misri, Moroko, Guinea na Indonesia, ziliamua kuwaondoa askari wao. Jeshi lililokuwa na watu karibu 20,000 likapungua kwa maelfu. Hakuna kamanda angeweza kuwazuia. Pengo lilizibwa na India ilipoleta brigedi nzima, na ndiyo maana Wahindi wanatajwa sana katika habari za Katanga kuanzia hapo.

Kuna namna tatu za kupanga amri, na ukizijua utaelewa mengi kwa swali moja tu. Ya kwanza ni nchi moja kuongoza, nyingine zikafuata. Ya pili ni kila nchi kubaki na amri yake, kisha makamanda wakakaa mezani kupatana. Ya tatu ni makao makuu ya pamoja, maofisa wa nchi zote wakichanganywa ofisi moja chini ya kamanda mmoja. Ya pili ndiyo rahisi kuianzisha na ndiyo inayovunjika mapema. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Ufaransa na Uingereza zilipigana Vita Kuu ya Kwanza kwa karibu miaka minne zikiwa na amri mbili, na zilimkubali Ferdinand Foch aratibu majeshi yao Machi 1918 pale tu Wajerumani walipokaribia kuzitenganisha.

Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo, ililiona hilo kwa karibu. Mei 1978 Kolwezi ilipotekwa na waasi, Wafaransa waliwarusha askari wa Legioni kwa miavuli tarehe 19, na Wabelgiji wakafika kesho yake kupitia Kamina. Mji mmoja, majeshi mawili rafiki, amri mbili, na shabaha mbili: Wabelgiji walitaka kuwaokoa watu wao na kuondoka, Wafaransa walitaka pia kuurudisha mji mikononi mwa serikali. Familia iliyokuwa imejificha chini ya vitanda ingepata jibu tofauti kutegemea askari gani aligonga mlango.

Lakini hata amri moja haitoshi kama uzi wake umekatika. Chukua Septemba 1961. Tarehe 28 Agosti ONU ilikuwa imewakamata maofisa wengi wa kigeni wa jandarmeri ya Katanga karibu bila kumwaga damu. Tarehe 13 Septemba, alfajiri, ikajaribu tena kwa operesheni iliyoitwa Morthor, kuiteka posta na redio mjini. Safari hii watu walikuwa wanawasubiri. Wakati huohuo kombania moja ya Wairishi, watu wapatao 155 chini ya Komandanti Pat Quinlan, ilikuwa imekaa peke yake Jadotville, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapa. Habari kwamba operesheni imeanza iliwafikia baada ya risasi za kwanza kulia mjini, na muda mfupi baadaye walishambuliwa wengi wao wakiwa kwenye misa. Walishikilia mpaka tarehe 17, maji na risasi zikawaishia, wakasalimu amri. Hakuna hata mmoja wao aliyeuawa. Nani hasa aliidhinisha Morthor? Conor Cruise O'Brien, mwakilishi wa ONU hapa Élisabethville, alisema alipata maagizo kutoka Léopoldville, Kinshasa ya leo. Katibu Mkuu Hammarskjöld hakukubali kwamba aliidhinisha jambo la namna ile. Yeye mwenyewe alikufa usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba, ndege yake ilipoanguka karibu na Ndola, akienda kuzungumza na Tshombe. Wanahistoria bado wanabishana.

Mwaka 1963 uzi ulikatika tena, ila matokeo yalikuwa tofauti. Brigedia Reginald Noronha alikuwa akiwaongoza Wahindi kuelekea Jadotville. New York ilikuwa imewahakikishia Waingereza na Wabelgiji kwamba askari hawatasonga haraka. Noronha alifika mto Lufira, akakuta daraja limebomolewa, akapata njia ya kuvuka, akavuka. Tarehe 3 Januari aliingia Jadotville bila upinzani mkubwa. Ralph Bunche, afisa wa juu wa ONU, alitumwa Kongo kuuliza imekuwaje, na jibu likawa kwamba mawasiliano kati ya New York na Léopoldville yalikuwa yamekatika. Binafsi naamini Noronha aliamua vyema. Lakini uamuzi mwema wa kamanda mmoja si mfumo, na raia hawezi kuweka maisha yake juu ya bahati ya kupata kamanda wa namna hiyo.

Kwa hiyo uliza hivi, kwenye mkutano na waandishi au ofisini kwa meya: kamanda wa muungano anaweza kukihamisha kikosi cha nchi hii kutoka eneo moja hadi jingine bila kupiga simu kwao? Jibu likiwa ndiyo, una jeshi. Likiwa hapana, una majeshi kadhaa yanayokaa jirani.

Masharti ambayo hayasomwi redioni

Nchi nyingi zikituma askari huwafungia masharti. Hawatatoka usiku. Hawatavuka mto fulani. Hawatapigana pamoja na kikosi fulani cha serikali. Masharti hayo huwa siri, au nusu siri, lakini yana alama. Angalia doria zinaishia wapi na saa ngapi. Angalia kama kikosi kikiombwa msaada na kijiji hutuma watu au hutuma barua. Baada ya wiki chache wakulima na waendesha baiskeli watayajua masharti hayo vizuri kuliko maofisa wa makao makuu. Na wenye silaha msituni watakuwa wameyajua pia.

Sharti linaweza kutoka upande wa ONU yenyewe. Mwanzoni mwa 2015 FARDC na MONUSCO walikuwa tayari kuwashambulia waasi wa FDLR pamoja. Kinshasa ikawateua kuongoza operesheni majenerali wawili ambao ONU ilikuwa imewawekea alama kwa sababu ya haki za binadamu. MONUSCO ikakataa kutoa msaada, kwa kuwa kanuni zake zinaizuia kusaidia vikosi vinavyoshukiwa kutenda uhalifu mkubwa. FARDC wakaenda peke yao. Ukiandika habari ya namna hiyo, usiseme tu kwamba washirika wamegombana. Eleza kanuni, maana kanuni hiyo ipo ili kumlinda msikilizaji wako.

Mahali sekta zinapopakana

Muungano hugawana ardhi: nchi hii huku, nchi ile kule. Ni jambo la busara, kwa sababu askari wa lugha moja na mafunzo mamoja hufanya kazi vizuri wakiwa pamoja. Desemba 1961, katika mapigano ya pili ya mji huu, Wairishi walilichukua handaki la reli, Waswidi wakaiteka kambi ya Massart, na Waethiopia wakaingia kwenye viwanda vya Union Minière. Kila mmoja na kazi yake.

Lakini kati ya sekta mbili kuna ukanda ambao kila upande unafikiri ni wa mwenzake, na adui hupita hapo. Ukikaa kwenye ukanda wa namna hiyo, usingoje. Nendeni, viongozi wa mitaa miwili, kwa makamanda wa pande zote mbili siku moja, mkaombe jina la afisa wa uhusiano na namba ya simu inayopokelewa usiku. Afisa wa uhusiano ni mtu wa nchi moja anayekaa makao makuu ya nchi nyingine ili kupeleka habari na kuzuia watu wasipigane wenyewe kwa wenyewe. Cheo chake huwa kidogo. Thamani yake ni kubwa kuliko ya kifaru.

Mfano bora wa ushirikiano ninaoujua katika historia ya mji huu ulifanyika kwenye njia ya uwanja wa ndege, tarehe 5 Desemba 1961. Majandarmu walikuwa wamefunga barabara kwenye mzunguko, wakautenga uwanja na makao makuu ya ONU mjini. Kapteni Gurbachan Singh Salaria aliondoka upande wa uwanja na Wagurkha 16 wa jeshi la India pamoja na magari mawili ya deraya ya Waswidi. Alikuta watu wapatao 90, akawashambulia, wakakimbia. Yeye alikufa kwa majeraha, na India ikampa Param Vir Chakra, nishani yake ya juu kabisa ya ushujaa. Yafikirie magari hayo mawili. Ili Mhindi apande gari la Mswidi na kwenda nalo vitani, lazima awe ameelewana na dereva wake juu ya ishara, njia, na nani atatoa amri ya kusimama. Hilo halipatikani asubuhi ya vita. Wanaoishi kambi moja na kufanya mazoezi pamoja ndio wanaolipata, kwa hiyo ukiona vikosi vya muungano vinafanya mazoezi pamoja mbele ya macho yako, hesabu hiyo kuwa habari njema, hata kama kelele zinakukera.

Maji, mafuta, na ruhusa ya kupita angani

Kanuni ya kale ya miungano ni kwamba kila nchi huwalisha watu wake. Maana yake: risasi za aina nne, vipuri vya aina nne, madaftari ya aina nne. Kule Jadotville helikopta moja tu ilifanikiwa kutua kwa Wairishi waliozingirwa, ikawaletea maji, na maji yale yakawa hayanyweki kwa sababu yalitiwa kwenye madumu yaliyokuwa na mafuta. Rubani alihatarisha maisha yake kwa ajili ya madumu ambayo hakuna aliyeyasafisha. Safu zilizotumwa kuwaokoa kwa barabara, Wairishi na baadaye pamoja na Wagurkha, zilizuiwa kwenye daraja la Lufira.

Juu ya waliozingirwa ilikuwa ikiruka ndege moja ya Katanga, Fouga Magister, iliyowapiga bila wasiwasi, kwa sababu ONU haikuwa na ndege za kivita Kongo. Ethiopia ilikuwa nazo na ilikubali kuzitoa. Zilihitaji kupita anga ya Afrika Mashariki, iliyokuwa mikononi mwa Uingereza, na Uingereza ikachelewesha ruhusa hadi mambo yalipokuwa yameharibika. Baadaye tu, Oktoba, ndege za Ethiopia, Uswidi na India zilifika Kongo. Basi ukihesabu wanachama wa muungano, hesabu pia nchi ambayo haina askari hata mmoja lakini ina anga, bandari au mpaka. Kwa Haut-Katanga nchi hiyo mara nyingi ni Zambia. Desemba 2000 mji wa Pweto ulipoanguka mikononi mwa waasi, askari wa Kongo na washirika wao wa Zimbabwe walivuka kwenda huko.

Ukiwa mkalimani

Muungano hauendi bila wewe. Wairishi walizungumza Kiirishi kwenye redio ili wasikilizaji wa adui wasielewe, lakini hakuna Mwirishi aliyeweza kumuuliza mama wa sokoni kwa Kiirishi kama barabara ya Ruashi ni salama. Leo una nafasi ambayo wenzako wa wakati huo hawakuwa nayo: Kiswahili ni lugha rasmi ya SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, tangu 2019, na askari wa Tanzania, Kenya na hata Uganda wanakuja wakikijua kwa viwango tofauti. Usidhani hiyo inatosha. Kiswahili cha Lubumbashi kimejaa Kifaransa na Kibemba, na kile cha Dar es Salaam kina maneno ya jeshi ambayo hapa hayasikiki.

Kabla ya kukubali kazi, dai mkataba ulioandikwa unaosema nani atakulipa ukijeruhiwa na nani atakuondoa kikosi kikiondoka. Usibebe silaha. Tafsiri kilichosemwa, si kile unachofikiri mzee alikusudia. Ukitaka kueleza, sema wazi kwamba sasa unaeleza. Na ukiitwa kutafsiri mahojiano ya mtu aliyekamatwa, andika usiku huohuo tarehe, mahali, nani alikuwepo na mtu yule alikuwa katika hali gani, kisha karatasi hiyo uitunze nje ya kambi.

Ukidhurika

Sehemu hii inanigusa kuliko zote, kwa sababu ndiyo ambayo watu wetu hupoteza haki zao kwa kutojua.

Desemba 1961 makombora yalianguka kwenye nyumba na hospitali za mji huu. Tarehe 13 ya mwezi huo mjumbe wa Msalaba Mwekundu, Georges Olivet, na wenzake wawili wa kujitolea waliuawa wakiwa na gari la wagonjwa. Mwaka 1965 Umoja wa Mataifa ulikubali kuilipa Ubelgiji dola milioni 1.5 kumaliza madai ya raia wake, kisha ukafanya mapatano ya namna hiyo na nchi nyingine za Ulaya, zikiwemo Ugiriki na Italia. Raia hao walikuwa na serikali zilizokwenda kudai kwa niaba yao, zikiwa na orodha na ushahidi. Familia ya mtaa wa Kenya au Kamalondo, hapa mjini, iliyopoteza paa na mtoto ilihitaji orodha na ushahidi vilevile.

Jua mambo matatu. Askari wa kigeni kwa kawaida hashtakiwi kwa jinai katika mahakama za Kongo; mikataba ya hadhi ya majeshi humwacha chini ya sheria ya nchi yake. Kwa hiyo bendera begani ni muhimu kuliko jina la ujumbe: lazima ujue ni wa nchi gani. Pili, kwa askari wa Umoja wa Mataifa, azimio la Baraza Kuu namba 52/247 la mwaka 1998 linataka dai la fidia liwasilishwe ndani ya miezi sita tangu madhara yatokee au yagunduliwe, na limeweka kikomo cha dola 50,000 kwa jeraha au kifo. Miezi sita hupita haraka kwenye nyumba yenye matanga. Tatu, madhara yanayotokana na ulazima wa vita yenyewe hukataliwa, hivyo eleza mapema kama risasi zilikuwa zinalia au la. Gari la deraya lililomgonga mwanafunzi saa nne asubuhi siku tulivu ni ajali, na ajali hulipwa.

Andika tarehe, saa, mahali, namba ya gari, bendera, alama ya kikosi, majina ya mashahidi wawili. Piga picha ya uharibifu na kitu cha kuonyesha ukubwa wake. Pata cheti cha daktari siku hiyo au kesho yake, chenye mhuri. Tengeneza nakala tatu. Moja iende kwa ofisi ya madai ya ujumbe, na wanaoipokea lazima wapige mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako. Kama jeshi ni la SADC, la Jumuiya ya Afrika Mashariki, au limekuja kwa mkataba wa nchi mbili kama UPDF, jeshi la Uganda, walivyoingia Ituri na Kivu Kaskazini Novemba 2021, azimio hilo la ONU halihusiki. Hapo uliza mapema, kabla hakujatokea baya, ni ofisi gani inapokea madai, na usikubali kuambiwa "mtaelezwa".

Siku ya kuondoka

Muungano huondoka vipandevipande, na kila nchi kwa kalenda yake. Jeshi la SADC lililoingia Kivu Desemba 2023 lilipoteza askari wa Afrika Kusini, Malawi na Tanzania Januari 2025, Goma ilipoanguka. Tarehe 13 Machi wakuu wa nchi wakaamua kulifuta, na mwishoni mwa Aprili magari yalianza kutoka kwa kupitia Rwanda. Watu waliokuwa wamejenga vibanda karibu na kambi hizo kwa sababu ya usalama walibaki na vibanda.

ONU iliondoka Kongo tarehe 30 Juni 1964. Katanga ilikuwa imerudishwa, lakini majandarmu wengi hawakuwa wamepewa nafasi yoyote katika jeshi jipya. Wakavuka kwenda Angola, na watu waliotokana nao wakarudi na bunduki Shaba mwaka 1977, kisha tena 1978 huko Kolwezi.

Ndiyo maana maswali ya kuondoka yaulizwe wiki ya kwanza, wakati kamanda bado anataka kupendwa. Nani atachukua kambi hii, FARDC au polisi? Rejista ya madai ambayo hayajalipwa itakabidhiwa kwa ofisi gani, na kwa lugha gani? Wakalimani na wapishi walioonekana na kila mtu wakiingia na kutoka kambini watalindwa na nani? Silaha zilizokusanywa ziko wapi, na nani ana orodha yake? Wale waliozisalimisha wamepewa kazi gani? Andika majibu, andika jina la aliyeyatoa na cheo chake, na umwombe atie sahihi.